Mama amesikia "Ki-67 asilimia 65", sasa anagawa kanga zake

BARUA

Asalaam aleikum Daktari, na shikamoo.

Nakuandikia kutoka Unguja. Mama yetu ana miaka 59. Tangu nipate akili namjua na kijaluba chake cha uraibu: tambuu, popoo, chokaa na kipande cha tumbaku anachokibana shavuni. Mwaka jana, baada ya Ramadhani, alianza kulalamika kwamba pilipili inamuunguza ubavuni mwa ulimi, upande wa kushoto. Tukasema ni jino bovu linamkwaruza. Jino likang'olewa, kidonda kikabaki. Daktari wa meno alipokiona mara ya pili akakata kinyama, kikapelekwa kupimwa. Majibu yakarudi: saratani.

Hospitali imetupa tarehe ya operesheni Dar es Salaam, wiki tatu kuanzia leo. Skani imeonyesha uvimbe wa sentimita 2.4 na tezi za shingo hazijavimba. Mpaka hapo familia tulikuwa kitu kimoja.

Balaa limeletwa na karatasi ya pili. Maabara binafsi iliyopima kile kinyama ilituongezea ukurasa wenye maneno haya: Ki-67 asilimia 65, p53 chanya, p16 hasi. Hakuna aliyekaa nasi akatueleza. Binamu yetu, aliyesomea unesi mwaka mmoja akaacha, akaupiga picha ule ukurasa na kuutia kwenye grupu la familia. Akaandika kwamba Ki-67 ikipita 20 mtu hana maisha marefu, na kwamba p16 hasi ni dalili mbaya kwa sababu wanaopona ni wale wenye chanya. Mama hayumo kwenye grupu lakini habari zimemfikia, na yeye ameelewa kuwa ana asilimia 65 za kufa. Juzi nimemkuta amezitandaza kanga zake kitandani, doti kwa doti, anachagua ipi ya nani. Anasema hakatwi ulimi kwa ajili ya siku chache alizobakiza.

Kaka yetu mkubwa yuko Muscat na ndiye mwenye uwezo. Yeye anataka operesheni isogezwe mbele, sampuli ipelekwe India ikapimwe protini zote, hasa moja inayoitwa PD-L1, maana ameambiwa kuna dripu mpya inayotibu bila kukata. Anasema haiwezekani mama akatwe kabla hatujajua kama atapona. Mimi ni kitinda mimba, ndiye ninayeishi naye, na kila mmoja ananiambia nikae kimya wakubwa waamue.

Nisaidie, Daktari. Hizo namba zinasema nini juu ya uhai wa mama? Tusogeze operesheni? Na yeye nimwambie nini, maana huniuliza usiku tukiwa wawili?

Kitinda Mimba, Unguja

JIBU

Waaleikum salaam, mwanangu, na marahaba.

Naanza na swali lako la pili kwa sababu hilo halingoji. Operesheni isisogezwe. Mwaka 2020 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya takwimu za wagonjwa wa saratani zaidi ya milioni 1, na ulionyesha kwamba kila wiki 4 za kuchelewesha upasuaji huongeza hatari ya kufa kwa asilimia 6 hadi 8. Saratani za kichwa na shingo, ambazo ya ulimi ni mojawapo, zilikuwemo. Kupeleka sampuli nje, kusubiri majibu, kuyasoma, kuyabishania kwenye grupu na kuomba tarehe nyingine hospitalini hakutaisha kwa wiki 4, na wewe unalijua hilo kuliko mimi.

Kingine ambacho kaka yako huenda hajaambiwa: kile kinyama hakiozi. Maabara hukilowesha kwenye fomalini, kisha hukigandisha ndani ya kibonge cha nta, na kibonge hicho hukaa miaka. Akitaka kipimwe India, Muscat au Ulaya, kinaweza kupimwa hata baada ya operesheni, na wakati huo kutakuwa na nyama nyingi zaidi ya kupima. Mama yenu hapotezi kipimo chochote kwa kwenda chumba cha upasuaji tarehe aliyopangiwa.

Sasa tuje kwenye ile karatasi iliyotandazisha kanga.

Nimekaa na hadubini miaka mingi, kwa hiyo nikueleze namba ile inavyozaliwa. Fundi wa maabara hukata kile kibonge cha nta vipande vyembamba sana, kiasi cha mikroni 4, yaani sehemu 4 za milimita moja iliyogawanywa mara 1,000. Kipande hulazwa juu ya kioo, kikamwagiwa kingamwili inayoinasa protini moja tu, halafu rangi. Penye protini hiyo hutokea kahawia, pasipo nayo hubaki buluu. Ki-67 ni protini inayoonekana kwenye kiini cha seli iliyo katika mzunguko wa kujigawa. Seli ikitulia, protini hupotea. Kwa hiyo asilimia 65 maana yake ni hii: mahali pale alipoangalia daktari wa patholojia, kati ya seli 100 za saratani, viini 65 vilikuwa na rangi ya kahawia. Namba hiyo haikupima siku za mama. Ni kama kusimama sokoni Darajani na kuhesabu wangapi wamebeba vikapu: utajua soko limechangamka, lakini hutajua nani atafika nyumbani.

Je, haina uhusiano wowote na uhai? Unao, na sitakuficha. Tafiti kadhaa za saratani ya kinywa zimeonyesha kwamba wagonjwa wenye Ki-67 ya juu, wakichukuliwa kwa kundi, huelekea kufanya vibaya zaidi. Lakini ukizifungua utaona mmoja ameweka mpaka kwenye asilimia 10, mwingine 20, mwingine 50, na mara nyingi ni wagonjwa wachache wa hospitali moja. Hata wapimaji wawili wakikaa mbele ya kioo kilekile hawapati namba moja. Mmoja atahesabu penye kahawia nyingi, mwenzake atazunguka kioo kizima na kutoa wastani. Nyama ikikaa fomalini kupita kiasi, rangi nayo hubadilika. Ndiyo maana hakuna mwongozo mkubwa wa tiba ya saratani ya ulimi unaosema Ki-67 ikiwa kadhaa fanya hivi, ikiwa kadhaa fanya vile. Ile 20 ya binamu yenu nadhani najua ilikotoka: mipaka ya namna hiyo hutumika kwenye saratani ya titi na aina fulani za uvimbe wa tumboni. Ameiokota huko akaileta ulimini.

p53 ni hadithi fupi. Ni protini ambayo kazi yake ni kuizuia seli yenye hitilafu isiendelee kujigawa. Jeni yake ikiharibika, mara nyingi protini mbovu hurundikana na kuonekana kahawia. Mradi mkubwa wa Marekani wa kuchambua jeni za saratani ulichapisha mwaka 2015 matokeo ya uvimbe 279 wa kichwa na shingo. Katika ule usiotokana na HPV, kirusi kilekile kinacholeta saratani ya shingo ya kizazi, jeni hiyo ilikuwa imeharibika kwa zaidi ya wagonjwa 4 kati ya 5. Kitu walichonacho karibu wote hakiwezi kukutenganishia nani ataishi na nani hataishi. Ni kweli wako watafiti wanaochambua aina za huo uharibifu, ila kwa mama neno "chanya" peke yake halibadilishi kitu.

p16 ndiyo iliyonikera, kwa sababu hapo binamu amesema jambo la kweli akalibandika kwa mtu asiyehusika. Protini hii hutumika kutambua saratani zilizosababishwa na HPV kwenye koo: tonsili na shina la ulimi kule nyuma. Huko inafanya kazi vizuri sana. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa baada ya miaka 3, wagonjwa wa koo wenye kirusi hicho waliokuwa hai walikuwa asilimia 82.4, na wasio nacho asilimia 57.1. Tofauti hiyo ni kubwa kiasi kwamba mfumo wa kupanga hatua za saratani unaotumika tangu 2018 umezigawa saratani za koo makundi mawili kwa kuitazama p16. Lakini mama ana kidonda ubavuni mwa ulimi unaoonekana akifungua mdomo. Huko ni kinywani, si kooni, na saratani nyingi za hapo hazina uhusiano na HPV. Hasi yake ni ya kawaida kabisa. Mama anayetafuna popoo na tumbaku miaka yote hiyo, ningeshangaa kama ingekuwa chanya. Maabara wangeweza kuacha kuipima na msingepungukiwa kitu.

Kisha PD-L1, ile ya kaka. Hiyo ni protini ambayo seli za saratani huitumia kuwanyamazisha askari wa mwili, na ipo dawa iitwayo pembrolizumab inayoufungua mdomo huo uliozibwa. Kaka yako hakutunga. Tangu 2019 dawa hii inatumika kama tiba ya kwanza kwa saratani ya kichwa na shingo iliyorudi au iliyosambaa, na kipimo cha PD-L1 ndicho kinachosaidia kuamua nani apewe. Mwaka 2025 Marekani iliidhinisha itolewe pia kabla na baada ya upasuaji kwa wagonjwa ambao saratani yao imeshakua sana kinywani au shingoni lakini bado inakatika, ilimradi protini hiyo ionekane kwenye kipimo. Soma hapo tena: kabla na baada ya upasuaji. Hata hao walikatwa. Na mama yenu, kwa uvimbe wa sentimita 2.4 na tezi zisizovimba, yuko hatua ya pili, kwa hiyo si wale waliokusudiwa. Aliyemwambia kaka kwamba dripu itamwepusha mama na kisu amemuuzia tumaini kwa bei ya mamilioni ya shilingi kila dripu.

India yenyewe imetupa kitu kikubwa zaidi cha kumsaidia mama, ila si kipimo cha protini. Mwaka 2015 madaktari wa hospitali ya Tata Memorial, Mumbai, walichapisha matokeo ya wagonjwa 500 wenye saratani ya kinywa ndogo, kama ya mama, ambao tezi zao za shingo zilionekana salama. Nusu walitolewa kidonda pamoja na tezi za shingo siku ileile. Nusu walitolewa kidonda tu, shingo ikaachwa kuangaliwa na kukatwa baadaye tezi zikijitokeza. Baada ya miaka 3, katika kundi la kwanza walikuwa hai asilimia 80, na katika la pili asilimia 67.5. Sababu ni kwamba tezi inaweza kubeba seli za saratani kabla skani haijaona kitu. Sijui protini yoyote ya kinywani ambayo kuipima kumeokoa watu kwa kiasi hicho.

Kwa hiyo mkienda kuonana na daktari wa upasuaji, swali la kwanza mdomoni mwako liwe hili: tezi za shingo za upande wa kushoto zitatolewa siku hiyohiyo? Usione haya. Akisema ndiyo, mshukuru. Akisema hapana, muulize kwa nini. Huenda ana sababu nzuri, kwa mfano kidonda ni chembamba sana, lakini ni haki yenu kuisikia.

Baada ya operesheni itatoka ripoti nyingine ya patholojia, na hiyo ndiyo ya kupigia picha. Itaeleza saratani ilizama milimita ngapi kwenda chini. Chini ya 5 ni nafuu, ikizidi 10 hatua inapanda kuwa ya tatu hata kama kwa juu ni ndogo. Kinyama cha kwanza hakiwezi kusema hilo kwa uhakika kwa sababu ni kipande tu. Itaeleza ukingo, yaani upana wa nyama nzima uliobaki kuzunguka saratani: tunapenda milimita 5 au zaidi. Itahesabu tezi ngapi zimetolewa, ngapi zina saratani, na kama imepasua ganda la tezi na kutoka nje. Itasema pia kama imefuata mishipa ya fahamu. Ukiniuliza nitabiri uhai wa mgonjwa wa ulimi na ukanipa kuchagua kati ya ripoti hiyo na protini zote zilizowahi kupakwa rangi, nachukua ripoti hiyo bila kusita. Nayo huamua tiba. Ukingo ukiwa na saratani, au ganda la tezi likiwa limepasuka, mgonjwa mwenye nguvu za kustahimili hupewa mionzi pamoja na kemo ya sisplatini. Tafiti mbili, ya Ulaya na ya Marekani, zilizochapishwa 2004 ndizo zilizoweka utaratibu huo.

Utaniuliza, basi kwa nini watafiti hawachoki kutafuta protini? Kwa sababu ripoti hiyo nayo haimalizi kila kitu. Wapo wagonjwa wawili wenye kidonda sawa, ukingo sawa, tezi safi wote, mmoja anaishi miaka 20 na mwenzake saratani inarudi kabla ya mwaka. Kitu fulani ndani ya seli kinawatofautisha, na siku tutakapokipata tutajua nani wa kuongezewa mionzi na nani wa kuachwa apumzike. Tatizo ni wingi wa madai. Viashiria vilivyotangazwa ni vingi mno kulinganisha na vilivyothibitishwa, hata mwaka 2005 wataalamu wakalazimika kuandika kanuni za namna ya kuripoti tafiti hizi, maana kila mtu alikuwa na protini yake na mpaka wake. Utafiti na uendelee. Ila usifanyiwe kitandani pa mama yako wiki tatu kabla ya operesheni.

Sasa mama. Wewe ndiye unayeulizwa usiku, kwa hiyo wewe ndiye wa kumjibu. Ukubwa wa umri hauhusiani na hilo, na kaka zako watakushukuru baadaye, au wasikushukuru. Mwambie hivi, kwa maneno yako: "Mama, ile sitini na tano hawakuhesabu siku zako. Walihesabu seli kwenye kile kinyama walichokukata, na kinyama hicho kiko kwenye nta maabara." Usimwahidi kwamba atapona, kwa sababu hujui, naye atajua kwamba hujui. Mwambie kilicho kweli: imekamatwa ikiwa ndogo, tezi hazijavimba, na madaktari wanakusudia kuitoa yote. Mwambie pia asilolijua na nadhani ndilo linalomtisha zaidi. Kidonda cha ubavuni cha ukubwa huo hutolewa pamoja na kipande cha ulimi cha upande huo. Ulimi wote hauondolewi. Wakati mwingine huzibwa kwa ngozi iliyotolewa mkononi. Atasema kwa kitembe mwanzoni, na baadhi ya herufi huenda zisirudi kama zamani, lakini wengi huzungumza wakaeleweka na hula chakula cha kawaida. Muombe daktari amweleze haya yeye mwenyewe, usoni, bila kupitia kwa mtoto wa kiume. Akishaelewa bado akakataa, hapo ni uamuzi wake na mtamheshimu. Kwa sasa anakataa kitu ambacho hakuna aliyempendekezea.

Kijaluba nacho kiondoke. Najua ni ukatili kumnyang'anya kitu cha kumliwaza wakati huu, na pengine ni cha mama yake. Basi kijaluba abaki nacho, vilivyomo vitoke. Wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliiweka popoo, hata isiyo na tumbaku, katika orodha ya visababishi vya saratani vilivyothibitishwa mwaka 2004, na anayeendelea kutafuna baada ya tiba anajipikia kidonda cha pili. Wewe na ndugu zako, kama nanyi mnatafuna kidogo kwenye shughuli, fungueni midomo mbele ya daktari wa meno. Kidonda kilichopita wiki tatu, au utando mweupe au mwekundu usiofutika, msiungoje jino lisingiziwe.

Kwa kaka, usijibizane naye kwenye grupu. Mpigie akiwa ametoka kazini, msomee mistari yangu ya PD-L1, kisha mpe kazi, maana mtu aliye mbali na mama mgonjwa hutafuta kitu cha kulipia. Kabla ya tarehe mama aonwe na daktari wa meno na meno mabovu yang'olewe, kwa sababu ikija kuhitajika mionzi, jino linalong'olewa baada yake linaweza kuacha taya lisilopona. Na mionzi, ikihitajika, inatakiwa ianze ndani ya wiki 6 tangu operesheni na huendelea siku tano kwa wiki kwa muda wa wiki 6 hivi. Kama ni Ocean Road, ile hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, mgonjwa wa Unguja hawezi kuvuka na boti kila siku, mdomo ukiwa umechubuka. Atahitaji chumba cha karibu, mtu wa kukaa naye, uji, maziwa, supu iliyochujwa, na teksi. Wengi hukatisha mionzi hapo, si kwa sababu ya protini. Pesa aliyokuwa aipeleke India aiweke kwa kodi ya chumba hicho, na aitume yote kwa pamoja kabla ya tarehe ya operesheni.